Pua ya Kuazima

Dada yangu wa pekee,

Vaa miwani, kisha kaa, maana unaandikiwa na daktari. Ndiyo, mimi huyu huyu, mdogo wako niliyeikimbia shule darasa la nne kwa kuogopa hesabu za mafungu. Leo nina koti jeupe, nina kabati la vichupa, na watu wamepanga foleni kuanzia mlangoni kwangu mpaka kwa fundi cherehani wa jirani. Wananiita Daktari, na mimi naitika bila haya.

Haya, tulia. Nimekudanganya kabla hata sijakuamkia, na ningejua nisingejisumbua, maana umefundisha watoto miaka thelathini na nne na uongo unaugundua ungali tumboni. Koti ni aproni ya binti yangu. Foleni ni ya fundi cherehani mwenyewe, ambaye tangu nimjue hajamaliza nguo ya mtu siku aliyoahidi. Anayeniita Daktari ni mmoja tu, muuza miche wa kona ya pili, naye ananisimanga. Sababu utaikuta mbele. Sasa shikamoo, dada. Umeamkaje? Magoti bado yanalia ukipanda ngazi? Na shemeji, bado anakoroma kama pampu iliyovuta hewa? Mpe pole yangu. Hapana, pole ichukue wewe unayelala naye. Mimi mzima. Meno yamebaki saba, hayaonani uso kwa uso, lakini kila moja linaijua kazi yake.

Najua barua hii umeishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Miaka miwili na miezi tisa umeniandikia mara tano, nami nimekujibu mara moja, kadi yenye maneno mawili: Nimepokea, asante. Hata fundi bomba anayemwandikia mwenye nyumba mkorofi huandika zaidi ya hapo. Sababu ninayo, na nitaitoa, lakini fundi hafungui koki kuu kabla ya kukagua viungo vyote. Kwa hiyo usiruke kurasa. Na hiyo kalamu nyekundu iweke mbali. Makosa yangu makubwa safari hii si ya herufi.

Habari ya kwanza ni ya binti yangu. Unakumbuka alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli kubwa, akishinda na dawa za kung'arisha mashuka mpaka mikono ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Ameacha. Amejifunza kukanda watu kwa mafuta ya kunukia, kitu wanachokiita tiba ya harufu, na amepanga vyumba viwili nyuma ya fundi cherehani. Chumba cha mbele kina kitanda chembamba chenye shuka jeupe, kiti kimoja, na kibakuli cha udongo kinachopashwa moto na mshumaa. Ndani ya kibakuli kuna maji na matone machache ya mafuta, na harufu inapanda polepole mpaka inajaza chumba. Mtu mzima mwenye akili zake, ana wajukuu, anaingia pale, anavua shati, analala kifudifudi na kuvuta pumzi. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilimwambia binti yangu kwamba enzi zetu mtu akitaka kunukia alioga. Akanijibu kwamba enzi zetu ndizo zilizonifanya niwe na hasira kama nyigu, nilale tu nikandwe. Nililala, dada. Niliamka baada ya saa mbili nimeulowesha mto kwa mate, na tangu siku ile sijamcheka mtu.

Mafuta anayoyapenda kuliko yote ni ya jeraniamu. Usiwaze ile ya madirishani yenye maua mekundu manene kama midomo iliyopakwa rangi. Hii ni ndugu yake maskini: majani yamechanikachanika kama yametafunwa na mbuzi, maua madogo, rangi ya waridi iliyofifia, hayageuzi shingo ya mtu. Lakini ukilisugua jani lake tu, linanukia kama waridi lililokutana na limau njiani. Wewe unalijua. Ndilo lile lililokuwa kwenye kopo la maziwa ya unga karibu na beseni la kunawia nyumbani. Mama akimaliza kufua alichuma jani moja, akalifikicha viganjani, akajipangusia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Jina hatukulijua. Tuliliita ua la mama, basi. Nimefika miaka sabini na moja ndipo mtoto niliyemzaa mwenyewe ananifundisha kwamba ua la mama linaitwa jeraniamu, na kwamba kuna watu wanalitafuta kwa tochi.

Analitumia kwa mambo mengi. Anayekuja na moyo unaodunda kwa mawazo, anawekewa kwenye kibakuli. Mwenye ngozi kavu anapakwa mikono. Aliyesimama kutwa kazini anakandwa miguu kuanzia kisiginoni kwenda juu. Na kina mama wa umri wa kupandwa na joto la ghafla, umri ambao wewe uliupitia ukiwafukuza wanafunzi darasani, wanasema linawapoza. Yeye mwenyewe hajisifu. Anasema harufu hutuliza, haifufui. Mwenye ugonjwa aende hospitali. Tena ana sheria: mafuta haya hayanywewi, na hayagusi ngozi mpaka yachanganywe, matone matatu kwa kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta, na kwanza unajaribu kidogo mkononi, unasubiri. Mimi nikadhani sheria ni za wateja. Siku moja nilimsikia mama mmoja akisema jeraniamu imempendezesha nywele, nikajipaka upara mzima, bila ufuta, bila kusubiri. Nywele hazikuota. Upara ulikaa mwekundu siku tatu, unawaka kama taa ya kusimamisha magari, na fundi cherehani kila akipita ananiuliza kama anaruhusiwa kuvuka.

Sasa kazi yangu. Mafuta haya hayakamuliwi kama ya ufuta, yanakenekwa. Unayafungia majani kwenye chungu, mvuke unapita katikati yake na kuibeba harufu, unaingia kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, na mwisho wake linadondosha maji yenye ngozi nyembamba ya mafuta juu. Gunia zima la majani linakupa kijiko kimoja, na kijiko hicho binti yangu anakibeba kama yai. Mtambo wa dukani ulimshinda bei, nikamwambia aniachie mimi. Nilichukua sufuria kubwa ya presha, nikaliunga bomba la shaba nililokuwa nimelificha chini ya kitanda tangu nistaafu, nikalizungusha mara saba ndani ya ndoo. Nimefunga mabomba ya hospitali na ya shule, lakini sijawahi kukipenda kiungo kama ninavyokipenda kile. Siku tone la kwanza lilipodondoka, binti yangu alinikumbatia na spana yangu mkononi.

Kisha akanipa cheo. Unajua kazini waliniita Pua. Nilikuwa nasimama katikati ya barabara nawaambia wachimbe hapa, siyo pale, bomba la maji machafu limepasuka hapa, na wahandisi wenye vyeti wananifuata nyuma na ramani zao kama vifaranga. Basi binti yangu akasema pua ya namna hiyo isikae bure. Kila tukikeneka, mimi ndiye wa kwanza kunusa na kutoa hukumu. Nilikuwa nafumba macho, navuta, nakohoa kidogo, kisha nasema leo yamekaa vizuri, au leo limau limezidi. Maneno yangu aliyaandika kwenye daftari, masikini ya Mungu.

Miezi mitano iliyopita akaja matroni wa nyumba moja ya kulelea wazee, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyolia. Alikandwa mabega, akanusa viganja vyake, kisha akasema anataka mafuta ya jeraniamu kwa wazee wake arobaini: ya kuwakanda mikono jioni na ya kuweka kwenye vibakuli vyumbani, maana chumba cha mzee, alisema, kinanuka dawa na kusubiri. Angerudi baada ya siku kumi na mbili ayaone. Akiridhika, kazi ni ya kudumu. Alipoondoka, binti yangu aliegemea mlango akacheka peke yake, na mimi nilijua kwa nini. Wateja wa mmoja mmoja hawakutosha kuvishikilia vile vyumba. Kazi hii ikikosekana anarudi kufua mashuka ya hoteli, mikono inapasuka upya, na mimi naletwa kwako na sanduku langu. Wewe na mimi chini ya paa moja, dada, shemeji angehama.

Majani yetu yanaota kwenye ndoo juu ya paa, na tulikuwa tumeyakata yote. Tena siku zile zile binti yangu akaitwa mji mwingine kufanya mtihani wa cheti chake, siku tatu. Kazi nzima akaniachia mimi. Alibandika karatasi ukutani: magunia mawili kutoka kwa muuza miche, moto wa wastani, maji ya ndoo yabadilishwe yakipata uvuguvugu. Akiwa mlangoni, mkoba begani, akageuka. Akanieleza kwamba muuza miche ana matuta mawili ya jeraniamu yanayofanana kama mapacha. Moja ni la waridi, ndilo tunalolitaka. Jingine linanuka tapentaini ya mafundi rangi, watu hulipanda kufukuzia wadudu.

“Chagua kwa pua, baba,” aliniambia. “Macho yatakudanganya.”

Nilienda. Nikasugua jani la tuta la kushoto, nikanusa. Nikasugua la kulia, nikanusa. Nilikunja uso kama jaji anayesoma hukumu ya jirani yake. Tuta la kulia lilikuwa na majani manene, mabichi, yenye afya, nikasema hili hapa. Muuza miche akaniuliza kama nina uhakika, maana watu wa mafuta huchukua la kushoto. Nikamwambia pua hii ilikuwa inanusa mabomba ya mji mzima yeye akiwa bado hajui kujipenga, afunge gunia aache maswali. Akasema sawa, Daktari. Akafunga gunia.

Nikakeneka. Dada, mafuta yalitoka. Yalitoka kuliko siku zote, ya kijani kidogo, yanaelea juu ya maji kama jicho la paka. Niliimba. Niliyachanganya na ufuta kwa kipimo cha kwenye karatasi, nikajaza vichupa ishirini, nikavipanga dirishani kuanzia kirefu mpaka kifupi, ingawa vyote vilikuwa na kimo kimoja.

Binti yangu alirudi asubuhi ile ile ambayo matroni angekuja saa nne. Mtihani ameshinda. Aliingia akicheka, akasimama mlangoni, kicheko kikakatika katikati kama maji yaliyofungwa koki. Akafungua kichupa kimoja, akakiweka. Akafungua cha pili. Akaniuliza kwa upole haya mafuta yananukia nini, baba. Nikamwambia waridi, mwanangu, waridi tupu, na limau halijazidi. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kichupa kingine, akaniuliza na hiki je. Nikafumba macho, nikavuta, nikakohoa kidogo. Nikasema hiki kimepoa kiasi, lakini waridi limo.

“Hiyo ni siki, baba,” akasema.

Cherehani ya jirani ilisimama, nadhani kwa umbea. Binti yangu akakaa kwenye kitanda cha wateja. Nilingoja anigombeze, na ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu ni tangu lini. Nikamwambia tangu yale mafua makali yaliyonilaza mwezi mzima. Aliuliza kwa nini nilificha. Nikamwambia fundi aliyeitwa Pua maisha yake yote, akikosa pua, anabaki nani.

Hapo hapo tukasikia hodi. Binti yangu akasimama, akajifuta macho kwa kiwiko, akaanza kuviokota vichupa ili akamwambie matroni kwamba mafuta hakuna. Nilimtangulia mlangoni na aproni yangu. Nilimwaga yote, dada, pale pale kizingitini, kama mtu anayetapika: kwamba mtoto hakuwepo, kwamba mikono yake haina kosa na matroni mwenyewe ameionja, kwamba aliyeharibu ni mzee mkaidi mwenye pua ya mapambo, na kama kuna wa kuadhibiwa basi anichukue kwenye nyumba yake ya wazee leo hii, nitalala karibu na mlango. Matroni akachukua kichupa, akanusa, akasema kitafaa sana kubandua rangi ya geti. Kisha akaniangalia mimi, siyo binti yangu.

“Unakulaje?” akaniuliza.

Nikamwambia kwa meno saba. Akasema hakuuliza meno, ameuliza mtu asiyenusa anakulaje. Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, na sikuwa na mzaha wa kulijibu. Nikamwambia ukweli: nakula kama ninavyojaza ndoo. Mpaka ifike juu, naacha.

Matroni akaingia, akakaa kwenye kile kiti kimoja. Alisema zaidi ya nusu ya wazee wake wako hivyo hivyo. Wanasukuma sahani, wauguzi wanadhani ni ukorofi. Wanasifia maua yaliyoletwa na watoto wao huku hawanusi chochote. Na hakuna anayesema, kila mmoja akidhani aibu hiyo ni yake peke yake. Akamuuliza binti yangu kama ipo namna yoyote. Binti yangu akasema ipo moja, wamefundishwa kwenye kozi yao, ingawa haifanikiwi kwa kila mtu na inataka miezi: unaichosha pua kwa mazoezi kama mguu uliotoka kwenye plasta. Vichupa vinne, jeraniamu, limau, karafuu na mkaratusi. Asubuhi na jioni unanusa kimoja kimoja, taratibu, huku unakumbuka kwa nguvu zako zote harufu ile ilikuwaje. Matroni akasema basi kazi ni yetu, lakini si ya kumwachia vichupa na kuondoka. Binti yangu aende mara mbili kwa wiki, na mafuta ya waridi ya kweli, akande mikono na kufundisha pua. Atasubiri mpaka majani sahihi yapatikane. Na aje na huyu mzee, akasema, maana wazee wangu hawatamwamini mwanamke mwenye pua nzima.

Kwa hiyo mimi si daktari. Mimi ndiye mgonjwa mkuu. Kila Jumanne na Ijumaa nakaa mbele ya wazee arobaini na vichupa vyangu vinne, navuta, nawaambia sijanusa kitu, nao wanapiga makofi. Kuna bibi mmoja, aliwahi kuwa muuza samaki, ambaye wiki ya pili alinusa karafuu, akatamba mwezi mzima. Binti yangu vyumba anavyo, cheti amekitundika, na mikono yake, dada, ni laini kama ya mtu asiyewahi kufua hata leso. Majani tunayanunua tuta la kushoto. Muuza miche akiniona kwa mbali anauliza, Daktari, leo tunabandua geti la nani?

Wiki ya tatu sikunusa. Ya tisa, sikunusa. Wiki ya kumi na nne nilishaanza kudhani nafanya mazoezi na maiti. Jumatatu iliyopita asubuhi, nimeinama kuvaa viatu, kitu kikanipiga. Kikali, kichachu, cha kutisha. Nilipiga ukelele, binti yangu akaja mbio na mwiko mkononi. Zilikuwa soksi zangu. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama zile soksi. Nilimsogezea naye anuse, akakataa. Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Nilizunguka nyumba nzima nikinusa kama mbwa wa polisi: sabuni hamna, kahawa hamna, kitasa hamna, halafu mafuta ya taa, yapo, kwa mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Nikamnusa na fundi cherehani. Akasema ataniripoti.

Jumatano nikafungua kichupa cha kwanza cha mazoezi. Nikafumba macho kwa yale mazoea yangu ya uongo, nikavuta, na mama akapita nyuma yangu na beseni. Ni hivyo tu. Alipita. Nilipogeuka harufu ilikuwa imeshaondoka, na sikuweza kuirudisha mpaka kesho yake. Lakini ilikuja, dada. Ua la mama lilikuja. Nina miaka sabini na moja na nilikimbia barabarani na aproni.

Sasa nafungua koki kuu.

Mama alipotutoka mimi nilikuwa kitandani na mafua yale, sikuja hata kumzika. Ukanitumia kifurushi: kitambaa chake cha kichwa, ndani ya mfuko uliofungwa mafundo mawili, na kikaratasi chenye mwandiko wako wa ubaoni. Uliandika kwamba hukukifua, bado kina harufu yake, nikichukue mimi kwa kuwa wewe ulikuwa naye siku zote. Nilifungua mafundo nikauzika uso wangu wote ndani yake. Hamna kitu. Nguo tupu, kama imetoka dukani. Na sikujua bado kwamba pua imekufa. Mafua yalikuwa yameisha, nikadhani nimepona. Nikasema moyoni, amekifua. Amekifua kwa sabuni kisha akanidanganya, na harufu ya mama ameibakiza kwake. Hilo ndilo nililoliamini juu yako, wewe uliyemwogesha kwa mikono yako mpaka siku ya mwisho. Nikafunga tena mafundo mawili, nikakuandikia yale maneno mawili.

Miezi mitatu baadaye maharage yaliungua jikoni nami nimekaa kando yake, moshi umejaa mpaka darini, ndipo nilipoelewa ni nini kilichokufa. Nilitakiwa nikuandikie siku ile ile. Lakini nati ikishashikwa na kutu, kila siku unayoiacha inazidi kukaza. Nilikuogopa. Mtu uliyemwonea bila yeye kujua ni mgumu kumwomba radhi, maana lazima kwanza umpashe habari kwamba ulimwonea. Barua zako tano nilizisoma zote. Ya nne uliuliza kama umenikosea nini. Hukunikosea kitu, dada. Nisamehe.

Binti yangu anakusalimu na anakutumia kichupa kilichomo humu ndani, cha tuta la kushoto, amekinusa yeye mwenyewe. Ni kwa ajili ya magoti: matone matatu, kijiko cha ufuta, jaribu kwanza mkononi. Mwambie shemeji asikaribie na upara wake. Wasalimie wajukuu wote, hata yule anayeniita Babu Meno.

Halafu kuna deni. Mwaka ule kioo cha taa ya baba kilipovunjika, ni nani aliyekuwa anaruka kamba ndani ya nyumba, na ni nani aliyechapwa? Sikusema siku ile, na sijasema miaka sitini na mitatu. Leo nadai, wala si kikubwa. Kitambaa cha mama kipo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, mafundo mawili yale yale, sijakigusa tena. Naogopa kukifungua peke yangu. Nisiponusa, sitajua kama ni mama aliyeondoka kitambaani au ni pua yangu imetoka matembezini. Njoo siku moja tu, na ile pua yako ndefu niliyoicheka tangu utoto (nimefuta kila neno), uniazime. Tutafungua wote, wewe fundo moja, mimi moja. Unuse wewe kwanza, kisha uniambie. Na usinidanganye, hata kwa huruma.

Ni mimi niliyechapwa kwa ajili yako,

Pua,
mstaafu aliyerudi kazini polepole